Bundi Mwenye Kengele

Bibi Angelina alimwangalia Koplo Laurencia kuanzia viatu hadi kilemba, akarudi kupukuchua mahindi yake. Hakumkaribisha, wala hakumfukuza.

"Polisi walishakuja," alisema. "Wawili, na gari. Nikawaambia, wakaandika. Wewe umekuja kuandika nini tena?"

"Sijaja kuandika, bibi. Nimekuja kusikia."

"Kwani walioandika hawakusikia?"

Laurencia alivuta gunia tupu, akakaa chini, akachukua hindi na kuanza kupukuchua. Hakuwa na haraka ya kujibu. Pale kituoni Karatu wenzake walimtania kwamba upelelezi wake ni wa kinyonga, mguu mmoja unakwenda huku mwingine unafikiri.

Faili lilikuwa limemwangukia mezani asubuhi ile ya Jumatatu, ndiyo kwanza anatoka likizo. Thomasi, muongoza watalii wa kutazama ndege, alikutwa Jumamosi chini ya genge la korongo, pembezoni mwa msitu wa hifadhi, juu ya mashamba ya Rhotia. Daktari aliandika kuwa jeraha la kisogoni si la kuanguka. Jioni ileile akakamatwa Koinet, kijana wa Kimasai kutoka Nainokanoka, anayechunga ng'ombe wa mkulima mmoja wa pale. Watu wote walijua kwamba aliwahi kugombana na Thomasi, kisa ng'ombe wake wanatimua ndege. Na Bibi Angelina, ambaye shamba lake linapakana na korongo, alikuwa amesikia kengele ya ng'ombe palepale, asubuhi ileile. Basi ikawa imekwisha. Kesho Koinet alikuwa anapelekwa mahakamani kwa mauaji, kosa lisilo na dhamana.

"Bibi, ile kengele ilikuwa ya ng'ombe mmoja au wengi?"

"Nani amekwambia nilisikia ng'ombe?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Alisikia kengele ya ng'ombe."

"Kengele ilikuwa ya ng'ombe, sikatai. Ila ng'ombe mwenyewe sikumsikia, wala kwato, wala kupumua." Bibi alitema mate pembeni, akashusha sauti. "Aliyeivaa alikuwa bundi."

Laurencia aliendelea kupukuchua.

"Mbona hucheki?" bibi aliuliza. "Yule kijana wenu mweupe alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema, bibi, bundi tumwache, tuandike kengele."

"Huyo bundi alilia vipi?"

"Huu. Hu-huu. Halafu kengele, ngili-ngili. Halafu kimya. Halafu tena, vilevile. Bundi wa Mungu analia anavyojisikia, mwanangu. Huyu alikuwa anarudia kama mtoto anayekariri tebo. Na jua limeshawaka. Bundi wa kutumwa huyo."

"Ukatoka kuangalia?"

"Wewe ungetoka? Nilitupa chumvi motoni, nikafunga mlango, nikakaa. Bundi aje na kengele halafu mimi nitoke kumpa pole?"

"Kwa hiyo hukumwona mtu."

"Sikuona mtu wala sikutaka kuona. Hata jana aliporudi sikutoka."

Hindi lilisimama mkononi mwa Laurencia. "Jana Jumapili?"

"Watu wakiwa misani. Mimi sikwenda, ningepitaje? Alilia kule kwenye minyaa, wimbo uleule, kengele ileile."

"Uliwaambia polisi?"

"Polisi walikuja Jumamosi. Jana ningemwambia nani, kuku?"

Laurencia aliaga, lakini hakushika njia ya barabarani. Alipita katikati ya mahindi mpaka kwenye ua wa minyaa, mwisho wa shamba, ambako ardhi inaanza kushuka kuelekea korongoni. Alitembea kando ya ua polepole, akitazama tawi baada ya tawi. Karibu na mwisho aliona vijiti vilivyochomekwa katikati ya minyaa, ving'aavyo kama vilivyopakwa asali. Alikigusa kimoja kwa ncha ya kidole, na kidole kikang'ang'ania. Ulimbo, na ulikuwa mbichi. Kwenye kijiti cha pili ulikuwa umenasa unyoya wa kijani, mdogo kama ukucha wa mtoto mchanga.

Alikikata kijiti, akakifunga kwenye bahasha ya khaki, akaandika tarehe. Kisha akapita kwa yule mkulima mwenye ng'ombe. Aliwakuta wote zizini, wakitafuna majani ya kukatiwa. Tangu Koinet akamatwe, mkulima alisema, hawajatoka hata hatua moja, kwa sababu hajapata mchungaji mwingine.

*

"Kwa hiyo nikasimame mbele ya hakimu nimwambie bundi," alisema Inspekta Eliapenda, mkuu wake wa upelelezi. Alikuwa mtu wa Machame, mpenda mafaili safi.

"Bundi tumwache kwanza, afande. Tuanze na kengele. Jumapili imesikika tena. Jumapili Koinet alikuwa humu mahabusu, na ng'ombe walikuwa zizini."

"Bibi kizee anachanganya siku."

"Siku ya misa hachanganyi mtu wa Rhotia."

Eliapenda alimtazama juu ya miwani. Akanyanyuka na funguo za chumba cha vielelezo, bila kusema ndiyo wala hapana.

Kengele ya Koinet ilikuwa kwenye rafu, imefungwa lebo. Laurencia aliishika kwa leso, akaitikisa. Haikutoa sauti. Akaitikisa tena kwa nguvu. Aliigeuza chini juu: ndani ilikuwa imeshindiliwa majani makavu, hata ulimi wake hauonekani.

"Ilikamatwa hivi?"

"Hivyohivyo. Hakuna aliyeigusa."

"Basi kengele hii haikulia Jumamosi."

"Au aliiziba baada ya kuua," alisema Eliapenda. "Mtu mwenye hatia huziba mengi. Na nikukumbushe, koplo, alituambia alikuwa mtoni. Watu wa mtoni wamesema hawakumwona. Amedanganya. Kwa nini adanganye?"

Swali lilikuwa halali, na Laurencia alilibeba kama lilivyo mpaka kwa Koinet.

Kijana aliletwa kwenye benchi la chumba cha mahojiano, shuka imemviringa mpaka shingoni. Alikaa akitazama ukuta.

"Kengele uliiziba lini?"

Koinet aliikaza shuka yake.

"Ng'ombe anayekwenda mtoni hazibwi kengele, Koinet. Anayezibwa ni wa kuingia mahali ambapo askari wa hifadhi hawatakiwi kusikia."

"Nilisema mtoni."

"Nimesoma. Kesho utamwambia hakimu mtoni, na watu wa mtoni watasema hapana. Halafu utapanda karandinga kwenda gerezani, na kesi ya mauaji inaweza kukuzeesha kabla haijaisha."

Koinet aliuacha ukuta, akamgeukia.

"Yeyo, mama yangu," kijana alisema mwishowe, "nikisema msitu, wanataifisha ng'ombe. Si wangu. Ng'ombe ni wa mtu. Nitamlipa na nini?"

"Mficha maradhi kilio humfichua."

"Niliziba kabla ya jua. Niliingia kule juu, upande wa pili wa mlima. Nikashuka jua likiwa kichwani, nikakuta watu wanapiga yowe."

"Nani alikuona?"

"Mtu akiziba kengele, anataka kuonwa?"

Laurencia nusura atabasamu. "Na Thomasi? Uligombana naye, au watu wamezua?"

"Tuligombana. Aliwarushia ng'ombe mawe, nikamwambia nitamtupa korongoni. Watu walisikia hiyo. Hawakusikia tulivyopatana. Alikwenda mpaka kwetu Nainokanoka, akalala bomani kwa baba. Alikaa jioni na mashine yake kumtega bundi."

"Kumtega?"

"Sauti. Alitega sauti. Ng'ombe wakawa wanarudi, kengele ikalia katikati. Mimi nikasema, imeharibika, rudia. Akasema hapana, iache, huyu sasa ni bundi wa Kimasai."

Laurencia aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Nje ya mlango Eliapenda, aliyekuwa amesimama akisikiliza kama hasikilizi, aliacha kuchezea funguo.

*

Winnie, mwenyekiti wa kikundi cha waongoza watalii wa ndege, alikuwa na ofisi ya chumba kimoja nyuma ya stendi ya Karatu. Alikuwa amevaa kanga nyeusi ya msiba juu ya fulana ya kazi.

"Kwa nini mtu apige sauti ya bundi mchana?" Laurencia alimuuliza.

"Ndege wadogo wanamchukia bundi. Wakimsikia wanatoka vichakani kuja kumzomea, mgeni anapiga picha. Lakini sisi tumekataza. Ndege wanateseka, na wenyeji wanatutupia mawe. Bundi huku si mchezo, afande."

"Na kama matawi yamepakwa ulimbo?"

"Basi waliokuja kuzomea hawaondoki. Kuna watu wananunua, eti ndege wa kufuga. Sisi hatumo humo."

"Sijasema mmo. Thomasi alikuwa na sauti ya bundi?"

"Mmoja tu, mwenye kengele. Alinisikilizisha hapa hapa, tukacheka. Hakumpa mtu. Alikuwa nayo kwenye simu ya ndege."

"Simu ipi hiyo?"

"Alikuwa na mbili. Ya kuongelea, na ile ya zamani isiyo na laini. Hiyo kazi yake sauti za ndege tu, haina hata namba ya siri, sote tulikuwa tunaishika kazini. Si mnayo ninyi?"

Laurencia alikumbuka orodha ya vielelezo. Polisi walikuta simu moja, imevunjika mfukoni mwa marehemu, wakaridhika. Begani kwa marehemu walikuta pia kipaza sauti kidogo kisicho na waya, kizima kabisa. Kwa vile walikuwa na simu, hakuna aliyeuliza simu nyingine.

"Jumamosi Thomasi alikwenda na muongozaji mwenzenu, Leonce," alisema. "Leonce ameandikisha kuwa alikaa na wageni muda wote, juu, na hakushuka kabisa korongoni. Wageni wanasemaje?"

"Walipanda ndege kurudi kwao jioni ileile. Kwa taratibu za safari hatungeweza kuwazuia."

"Kwa hiyo anayemshuhudia Leonce ni Leonce."

"Afande, msibani hakuna aliyelia kama yeye. Ilibidi tumshike."

"Anapeleka wageni lini tena?"

"Kesho asubuhi. Njia ileile. Mimi nilitaka tuahirishe, yeye akasema kazi ni kazi."

"Niongeze kwenye msafara. Hanijui, nilikuwa likizo. Mwambie natoka Wasso, mtumishi wa halmashauri, napenda ndege." Laurencia alisimama. "Na Winnie. Mimi na wewe tu ndio tunajua. Leonce akija kesho anajua, sitakuwa na wa kumuuliza zaidi ya mmoja."

Winnie alivuta kanga mabegani, ingawa hapakuwa na baridi.

Kabla ya kutoka kazini Laurencia alisaini kitabu cha vielelezo, akachukua kipaza sauti cha Thomasi pamoja na lebo yake, akakiweka kwenye chaji. Eliapenda alisaini chini yake.

"Karandinga linaondoka kesho mahakama ikifunguliwa," alisema. "Halinisubiri mimi, sembuse wewe."

*

Ukungu ulikuwa bado umeukalia msitu walipoanza kupanda. Wageni walikuwa wawili, mzee Mholanzi na mkewe, wana darubini shingoni na kamera zenye pua ndefu. Leonce alitangulia, mrefu, kofia safi, kipaza sauti kinaning'inia kiunoni. Mdomo wake haukupumzika. Kila kilichoruka alikipa jina kabla hakijatua.

"Dada wa Wasso," alimwambia Laurencia, "umefuata nini huku? Kwenu si mna tumbusi wa kutosha?"

"Tunao, kaka. Ila wengi wako ofisini."

Leonce alicheka kwa sauti, kisha akajizuia kwa ajili ya ndege.

Walifika mahali njia inapogawanyika. Kulia ilishuka kuelekea korongoni na shamba la Bibi Angelina. Leonce alichukua kushoto.

"Kule kwenye minyaa hakuna ndege?" Laurencia aliuliza.

"Kule hapana. Juzi kuna mwenzetu amefia kule. Roho hainitumi."

"Pole sana. Alianguka?"

"Mmasai mmoja alimpiga. Wameshamkamata." Alisema kama mtu anayesoma tangazo.

Walisimama kwenye uwazi wenye vichaka vya maua mekundu. Leonce alitoa simu, akapiga sauti ya ndege chozi, kipaza sauti cha kiunoni kikalia. Hakuja ndege. Akapiga nyingine. Jani halikutikisika. Yule mama wa Kizungu alikaa juu ya jiwe akafungua chupa yake ya chai. Mzee akatazama saa.

"Labda ndege wa leo wamelala," Laurencia alisema, kwa sauti ya kutosha. "Mwaka jana nilikuja na muongozaji mmoja, simkumbuki jina. Yeye alikuwa anawaita wanamjia kama vifaranga. Kumbe wanatofautiana."

"Thomasi huyo," Leonce alisema. Taya yake ilikaza. "Kila mtu Thomasi. Hakuwa na cha ajabu."

"Mimi nasema nilichoona tu, kaka."

Leonce aliwatazama wageni wake, akatazama njia waliyopanda. Kisha akaingiza mkono mfuko wa ndani wa jaketi, akatoa simu nyingine, ndogo, ya zamani, iliyokwaruzika pembeni.

"Hii siwapigii watu hovyo," alisema. "Na ukishuka kijijini usiseme."

Laurencia alikuwa ameshaingiza mkono kwenye mkoba wake. Alibonyeza kitufe, na mlio mwembamba uliotoka akauzamisha kwenye kikohozi.

Leonce alibonyeza simu, akaelekeza kiuno kwenye vichaka.

Huu. Hu-huu.

Sauti haikutoka kiunoni kwake. Leonce alikishika kipaza sauti chake, akakigeuza, akakipiga kwa kiganja. Bundi akalia tena, wazi kabisa, na nyuma yake ng'ombe wa Nainokanoka wakawa wanarudi bomani: ngili-ngili. Vilikuwa vinatoka kwenye mkoba wa dada wa Wasso.

Vichaka vililipuka. Chozi, minana na vindege vingine visivyohesabika viliruka kutoka kila upande, vikatua juu ya kichwa cha Laurencia, mbele na nyuma yake, vikitukana kwa lugha zao zote. Wazungu waliinua kamera kwa furaha. Laurencia hakutikisika. Alitoa kipaza sauti mkobani, akakishika ili lebo ya polisi ionekane.

"Hiki ni cha Thomasi," alisema. "Kimeitambua simu yake, kikajiunga chenyewe. Mimi ni Koplo Laurencia, kituo cha Karatu. Izime, unipe."

Leonce aliizima. Lakini hakuitoa. "Niliiokota."

"Wapi?"

"Njiani."

"Njia hii tuliyopita? Polisi waliichana chana hii njia Jumamosi mpaka jioni."

"Si hii. Kule chini." Alilamba midomo. "Korongoni. Nilitaka kumpelekea mkewe."

"Siku gani?"

"Jumamosi. Kabla polisi hawajafika."

"Sawa." Laurencia aliongea taratibu, kama anayeandika. "Jumamosi uliandikisha kuwa hukushuka korongoni. Sasa ulishuka. Jumapili simu hii ilikuwa mfukoni mwako, na Jumapili bundi huyu alilia kwenye minyaa ya Bibi Angelina, watu wakiwa misani. Roho ilikutuma siku hiyo."

Leonce alitazama chini, kuelekea barabarani. Konstebo wawili, ambao Laurencia aliwaagiza wafuate kwa mbali, walikuwa wanapanda, bila haraka.

"Thomasi hakuwa anampa mtu sauti hii," Laurencia aliendelea. "Simu uliichukua kwenye begi lake ukamwachia wageni, ukashuka kutega ulimbo. Yeye akasikia bundi wake mwenyewe akilia shambani kwa watu. Akamfuata. Akakukuta."

"Ulimbo si wangu peke yangu," Leonce alisema haraka, kisha akafunga mdomo.

"Sikuuliza ni wa nani. Hilo tutaliongea kituoni."

Alipokea simu kwa leso, akaiweka kwenye bahasha. Halafu akatafuta mtandao, akiinua simu yake juu, mpaka akaupata akiwa amesimama juu ya lile jiwe la mama wa Kizungu.

"Afande, Koinet yuko wapi?"

"Ndani ya karandinga," alijibu Eliapenda. "Linawashwa."

"Mshushe. Simu ya ndege ninayo, na aliyekuwa nayo amekiri alikuwa korongoni."

Upande wa pili injini ilisikika ikinguruma. Laurencia alisubiri. Injini ikazimwa, mlango wa bati ukafunguliwa, na Eliapenda akasikika akiita jina la Koinet kwa sauti ya mtu asiyependa kurudia.

Konstebo walimfunga Leonce pingu kwa mbele. Yule mzee Mholanzi, ambaye hakuwa ameelewa neno lolote na alikuwa bado anachungulia kamera yake, alimsogelea akamwonyesha kioo: kindege kimoja cha kijani, mdomo umepinda, kimekunjua mabawa. Aliuliza kinaitwaje.

Leonce alikitazama muda mrefu. Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi jina halikuja.